Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Masomo Yangu na Utafiti wa Mifumo ya Kuhifadhi Data

Dada, unasomea nini hasa huko?

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi ya kompyuta, mwaka wa nne, katika chuo kikuu kimoja cha umma katikati ya Marekani. Eneo langu ni mifumo ya kuhifadhi data: kompyuta inavyoandika kitu, inavyokitunza, na inavyokirudisha kinapohitajika, hata baada ya kuzimika ghafla. Swali ninalolala nalo na kuamka nalo ni hili: kompyuta ikikwambia "imehifadhiwa", inasema kweli?

Nimesoma sekondari Morogoro, kidato cha tano na sita nikachukua mchepuo wa PCM, shahada ya kwanza nikaifanya hapo hapo Tanzania, kisha nikafanya kazi miaka miwili kama mtu wa TEHAMA. Uzamili sikuusomea peke yake. Huku Marekani idara nyingi za sayansi ya kompyuta humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, na uzamili unaupata njiani.

Kwa hiyo unatengeneza flashi na diski?

Hapana. Hiyo ni kazi ya watu wa fizikia, kemia na umeme. Mimi nashughulika na programu zilizo juu ya vifaa hivyo: mfumo wa faili (unaopanga data katika mafaili), kanzidata, programu ndogo inayoishi ndani ya SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), na zile zinazounganisha maelfu ya diski zionekane kama ghala moja.

Ulifikaje kwenye eneo hili? Wengi wetu hata hatujui kama lipo.

Baada ya chuo nilikuwa natunza kompyuta za ofisi ndogo kadhaa, mojawapo SACCOS. Programu yao ya daftari la wanachama ilikuwa imetengenezwa na kijana aliyeshahama mji, ikikaa kwenye kompyuta moja yenye mfumo endeshi wa Linux chini ya meza ya mhasibu. Alasiri moja ya masika umeme ukakatika. UPS ilikuwepo, ila betri yake ilishakufa siku nyingi. Ikalia mara mbili, ikanyamaza.

Umeme uliporudi nikawasha. Kompyuta iliamka vizuri kabisa. Faili la daftari lilikuwepo, jina lile lile, tarehe ya siku ile. Ukubwa wake: baiti 0.

Mhasibu, mama wa makamo aliyekuwa akiniita mwanangu tangu siku ya kwanza, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Lakini mwanangu, iliniandikia imehifadhiwa. Niliona kwa macho yangu." Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya siku tatu kabla.

Nilimwamini, na sikuwa na jibu. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta na sikuweza kumweleza mtu maandishi yake yamekwenda wapi. Usiku ule nikaanza kusoma, na kwa namna fulani sijaacha hadi leo.

Kwani kompyuta ikisema imehifadhiwa, si imehifadhiwa?

Mara nyingi bado. Programu ikiandika, maneno yako hayaendi kwenye diski papo hapo. Yanakaa kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, katika sehemu inayoitwa kache, na mfumo endeshi unaijibu programu kwamba tayari. Sababu ni kasi. RAM hujibu kwa kama nanosekunde 100. SSD huchukua kama maikrosekunde 100, yaani mara 1,000 zaidi, na diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa. Kila tendo dogo likisubiri diski, hakuna mtu angeivumilia hiyo kompyuta.

Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, data inaweza kukaa kwenye RAM kama sekunde 30 kabla haijasukumwa kwenda diski. Na hata ikifika huko, diski yenyewe ina RAM yake ndogo, nayo inaweza kujibu "nimepokea" kabla haijaandika mahali pa kudumu. Kwa hiyo viko vituo viwili njiani ambapo data hupotea umeme ukikatika, na pote pawili umeshaambiwa imefika.

Ipo amri ya kudai ukweli, nayo ni `fsync`. Programu ikiiita, maana yake ni: usinijibu mpaka data iwe imetua. Ni amri ya gharama, kwa sababu lazima usubiri, na ndiyo maana waandishi wengi wa programu huikwepa.

Sasa turudi kwa lile daftari. Programu ilifungua faili la zamani, ikafuta yote yaliyomo, ikaandika upya, na ikaliacha wazi bila kuita `fsync`. Mfumo wa faili wa ext4, unaotumika sana kwenye Linux, una shajara, yaani daftari la mabadiliko, ambayo kwa kawaida huandikwa kila sekunde 5, kwa hiyo habari kwamba faili limekuwa tupu ilifika kwenye diski mapema. Maandishi mapya yenyewe yalikuwa bado kwenye RAM yanangoja zamu. Umeme ulikatika katikati. Tatizo hili lilizua malalamiko makubwa mwaka 2009, watumiaji wa Linux walipokuta mafaili yao ya mipangilio yamebaki matupu, na wasanidi wa ext4 wakaongeza kinga. Lakini kinga hiyo huamka programu inapolifunga faili au kulibadilisha jina. Yetu haikufanya lolote kati ya hayo.

Njia sahihi ni kuandika faili jipya lenye jina la muda, kuita `fsync`, kisha kulibadilisha jina lichukue nafasi ya la zamani. Hapo umeme ukatike dakika yoyote, utakuta ama daftari la zamani zima au jipya zima. Ni mistari minne ya programu. Siku tatu za kazi ya yule mama zilitegemea mistari minne, na hakuna kozi niliyosoma iliyonifundisha.

Sasa utafiti wako wewe unahusu nini?

Kanzidata za ufunguo na thamani, yaani unaweka data chini ya jina (ufunguo) na kuipata kwa jina hilo, aina ya RocksDB, zinazotumika ndani ya huduma nyingi kubwa bila mtumiaji kujua. Muundo wake unatokana na kazi ya Patrick O'Neil na wenzake ya mwaka 1996. Kila kinachoingia kinaandikwa mwisho wa shajara, kinawekwa kwenye RAM kwa mpangilio, na baadaye kinamwagwa kwenye mafaili yaliyopangwa ambayo huunganishwa polepole kwa nyuma. Kompyuta ikizimika, inaisoma shajara upya tangu mwanzo na kujenga kilichokuwa kwenye RAM.

Ugumu uko kwenye neno "kusoma upya". Tuseme inasoma na kukuta kumbukumbu moja, yaani ingizo moja la shajara, imeharibika: namba yake ya ukaguzi, iliyokokotolewa kutokana na maudhui wakati wa kuandika, haikubaliani nayo. Kuna maelezo mawili. La kwanza: hiyo ndiyo kumbukumbu iliyokuwa inaandikwa umeme ulipokatika, haikukamilika, hakuna aliyeahidiwa chochote, itupe uendelee. La pili: ilikuwa imeshakamilika na mteja ameshajibiwa, kisha kifaa kikaiharibu. Ukiitupa hiyo na zote zilizo nyuma yake, umefuta malipo ya watu kimyakimya. Kwa macho ya programu, hali hizi mbili zinafanana sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walilieleza vizuri mwaka 2018 kwa mifumo yenye seva nyingi, ambako nakala iliyo kwenye seva nyingine inaweza kuamua kesi. Mimi nahangaika na kompyuta moja isiyo na mwenzake wa kumuuliza, kama ile iliyokuwa chini ya meza ya mhasibu.

Wengine huniambia hilo ni jambo dogo. Sikubaliani nao hata kidogo. Zahanati, SACCOS, shule, ofisi ya kata: huko kompyuta ni moja, umeme unakatika, na mwenye data hana mtu wa kumpigia simu.

Siku yako ya kawaida maabara ikoje?

Watu hudhani nazima umeme kutwa nzima. Tunacho kifaa cha kukata umeme kwa amri ya programu, na SSD kadhaa zimeshazimwa maelfu ya mara, lakini kazi kubwa hufanyika bila kukata chochote. Unarekodi kila andiko linaloteremka kwenda diski, kwa mfuatano wake, kisha unajenga upya picha ya diski kana kwamba umeme ulikatika baada ya andiko la 1, la 2, la 3, na kuendelea. Kila picha unaiwasha na kuuliza: data niliyoahidiwa ipo? Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha Texas, Austin lilichapisha zana ya namna hii iitwayo CrashMonkey. Iligundua kasoro 10 mpya kwenye mifumo ya faili ya Linux iliyokwishatumika kwa miaka mingi, na saba kati yake zilikuwa zimekaa ndani ya Linux tangu 2014.

Mwaka jana nilikaa wiki mbili nikitazama picha moja. Kumbukumbu ya mwisho kwenye shajara ilitakiwa kuwa na baiti 1,300. Kwenye skrini niliona baiti 1,024 za kwanza zikiwa sawasawa, jina la ufunguo linasomeka kabisa, halafu ghafla sifuri tupu mpaka mwisho. 1,024 ni sekta mbili za baiti 512, na sekta ndiyo kipande kidogo kabisa ambacho diski huandika kwa mara moja. Kwa hiyo kifaa kilikuwa kimeandika sekta mbili, ya tatu hakikuifikia. Huo mkato ulioangukia barabara kwenye mpaka wa sekta ulikuwa ushahidi wangu: uharibifu wa kukatika umeme una umbo lake, na umbo hilo linaweza kusomwa. Sehemu kubwa ya tasnifu yangu imetoka kwenye skrini ile.

SSD na diski ya zamani zina tofauti gani kiutafiti?

Tofauti kubwa mno. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, na kichwa chake lazima kisogee hadi kwenye njia yenye data kisha kisubiri data izunguke hadi chini yake. Kusoma mfululizo ni rahisi, kuruka ruka ni mateso. Soma megabaiti 1 kwa vipande vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika, utaruka mara 256, na kwa milisekunde kama 12 kila mruko utatumia kama sekunde tatu. Ikiwa data hiyo hiyo imepangwa mfululizo, ni mruko mmoja tu, kisha chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde kuisoma.

SSD haina kinachosogea. Shida yake ni nyingine, na napenda kuieleza kwa trei za mayai. Unaweza kuweka yai moja moja kwenye trei, lakini kanuni ni kwamba huruhusiwi kubadilisha yai lililokwishawekwa mpaka uondoe yote kwenye trei hiyo. Yai moja likiharibika, unaweka jipya kwenye trei nyingine na kulitia alama la zamani. Siku trei zinapokaribia kuisha, unachagua yenye alama nyingi, unahamisha mayai mazima yaliyobaki, ndipo unaisafisha. Kwenye SSD yai ni ukurasa wa kilobaiti kadhaa, trei ni bloku yenye kurasa mamia. Ule uhamishaji unamaanisha kwamba ukiandika kitu kimoja, ndani ya SSD vinaandikwa viwili au vitatu. Na kila trei ina idadi ya mara inazoweza kusafishwa kabla haijachakaa: mara 100,000 hivi kwa chipu za zamani zinazobeba biti moja kwa seli, lakini elfu chache tu kwa zinazobeba biti tatu.

Anayefanya usafi huu ni programu iliyofungiwa ndani ya SSD, na mtengenezaji haionyeshi. Tunaisoma kwa kuigonga nje na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti maji.

Si kila kitu kiko kwenye wingu siku hizi? Tatizo si limeisha?

Wingu ni diski za mtu mwingine, na diski hufa. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Carnegie Mellon walichunguza kumbukumbu za diski kama 100,000. Karatasi za watengenezaji ziliahidi kwamba zisizozidi asilimia 0.88 zingekufa kwa mwaka. Uhalisia ulikuwa asilimia 2 hadi 4 kwa kawaida, na mahali pengine hadi 13. Ukiwa na diski 10,000, kwa asilimia 3 unazika 300 kila mwaka, karibu moja kila siku.

Kinga ya kwanza ni nakala. Mfumo wa faili wa Google uliochapishwa mwaka 2003 uligawa kila faili vipande vya megabaiti 64 na kuweka kila kipande kwenye seva tatu. Ni salama, ila unanunua diski mara tatu. Kinga ya pili ni hesabu. Chukua watu watatu wenye shilingi 700, 300 na 500, na wa nne akatunza jumla tu, 1,500. Mmoja yeyote akipoteza karatasi yake, waliobaki wataipata kwa kutoa. Kompyuta hutumia hesabu nyingine za biti, lakini wazo ni hilo. Irving Reed na Gustave Solomon walichapisha mwaka 1960 njia ya kutunza "jumla" kadhaa tofauti, ili upotevu wa vipande kadhaa kwa pamoja uweze kufidiwa. Facebook walieleza mwaka 2014 jinsi walivyotumia vipande 10 vya data na 4 vya ziada kwa picha na video za zamani: ndani ya kituo kimoja cha data gharama ni mara 1.4 badala ya 3, na hata vipande vinne vikipotea bado picha inarudi.

Halafu, hata huko, lile swali langu halikwepeki. Umeme ukikatika baada ya shilingi 700 kubadilishwa kuwa 900 na kabla jumla haijasahihishwa, hesabu nzima inadanganya. Siku mmoja akipoteza karatasi, utamrudishia kiasi kisicho chake.

Nianze kusoma kazi zipi?

Anza na kitabu cha mifumo endeshi cha Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau, *Operating Systems: Three Easy Pieces*. Kipo bure mtandaoni, na sehemu yake ya tatu ni hifadhi tupu. Mimi nilikisoma kwenye simu, ndani ya daladala.

Kisha soma kazi tatu, na nazitaja hizi makusudi kwa sababu zote zina mkono wa mwanafunzi. Makala ya RAID ya mwaka 1988 kutoka Berkeley, iliyoonyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikipangwa vizuri zinaishinda moja ya bei kubwa: Garth Gibson alikuwa bado mwanafunzi, pamoja na David Patterson na Randy Katz. Mfumo wa faili unaoandika kila kitu kama shajara, wa mwaka 1991: Mendel Rosenblum alikuwa mwanafunzi wa John Ousterhout. Na Ceph, mfumo wa kutunza data kwenye seva nyingi: Sage Weil aliianzisha kama utafiti wake wa uzamivu Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, makala ikatoka 2006, na leo inatunza data hata za CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Ninapokata tamaa nakumbuka hizo tatu.

Ongeza moja ya kukutia hofu. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL, kanzidata inayotumika sana, waligundua kwamba `fsync` ikishindwa kwenye Linux, kosa linaweza kutajwa mara moja tu. Ukiita tena unaambiwa safi, na data imeshapotea. Kwa miaka mingi walikuwa wakijaribu upya na kuamini jibu. Sasa `fsync` ikishindwa, PostgreSQL hujizima kwa makusudi na kujirejesha kutoka kwenye shajara yake.

Lazima niwe bingwa wa hesabu?

Hapana, isipokuwa ukitaka zile kinga za Reed na Solomon. Unachohitaji zaidi ni uvumilivu na takwimu za msingi.

Lugha gani ya programu?

C kwanza, kwa sababu Linux imeandikwa kwa C. Python kwa kuchora grafu na kuendesha majaribio. Rust inaingia kwa kasi.

Sina maabara. Nina laptop moja. Naweza kuanza?

Unaweza, na nakuomba uanze. Weka Linux ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa kama programu ndani ya laptop yako, izime katikati ya kuandika, iwashe, tazama kilichobaki. Jifunze `fio` ya kupima kasi na `iostat` ya kutazama diski inavyohema. Zipo pia kumbukumbu halisi za seva zilizotolewa bure kwa watafiti. Zinazotumika sana ni za maabara ya Microsoft ya Cambridge, Uingereza: wiki moja ya mwaka 2007, seva 13, kila ombi lililokwenda diski limeandikwa.

Umewahi kukosea vibaya?

Ndiyo. Mwaka wa kwanza nilimpelekea msimamizi wangu grafu inayoonyesha kwamba wazo langu limeongeza kasi mara 40. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Aliitazama kimya, akaniuliza, "Diski hii inaweza kutoa gigabaiti ngapi kwa sekunde?" Nikaenda kuangalia. Grafu yangu ilikuwa inadai kasi ambayo kifaa chenyewe hakina. Nilikuwa nimepima RAM. Data yote ilitosha kwenye kache, na diski haikuguswa kabisa. Tangu siku ile, kabla ya jaribio lolote, naandika kwenye karatasi namba ambayo kifaa hakiwezi kuizidi.

Nimesoma chuo cha kawaida tu nyumbani. Watanichukua?

Mimi walinichukua. Kinachoangaliwa sana ni barua za wanaokufahamu kikazi na ushahidi kwamba umewahi kuchimba jambo mpaka mwisho. Katika maelezo yangu niliandika habari ya faili la baiti 0 na nilichogundua baadaye, kurasa mbili, basi. Msimamizi wangu aliniambia baadaye kwamba ndiyo iliyomfanya anipigie.

Mambo ya kiutendaji: maombi ya Marekani kwa kawaida hufungwa Desemba kwa masomo ya Agosti au Septemba inayofuata. Idara nyingi zimeacha kudai GRE, mtihani wa kujiunga na masomo ya juu, lakini mtihani wa Kiingereza mara nyingi unabaki. Ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe, uliza bila aibu. Uzamivu wa sayansi ya kompyuta kwa kawaida hulipiwa: unafanya kazi ya utafiti au kufundisha, chuo kinakuondolea ada na kukupa posho ya kuishi. Anayekuambia utoe mamilioni ili "akuunganishe" na nafasi ya uzamivu, mkimbie.

Ukitaka kuanza na uzamili karibu na nyumbani, Kigali kuna Carnegie Mellon Africa, chuo kile kile cha akina Gibson, na Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela.

Inachukua miaka mingapi?

Hapa mitano au sita, wengine saba. Ulaya mara nyingi mitatu hadi minne, ukiwa umeshafanya uzamili.

Makala ikikataliwa unafanyaje?

Yangu ya kwanza ilikataliwa mara mbili. Mhakiki mmoja aliandika kwamba tatizo la umeme kukatika limepitwa na wakati kwa sababu vituo vya data vina betri. Niliumia, kwa sababu nilijua kiti nilichokuwa nimekalia siku ile ofisini. Nikaongeza sehemu nzima inayoeleza kompyuta zisizo na betri ziko wapi na zinabeba nini. Mara ya tatu ikapokelewa, na sehemu hiyo ndiyo ninayoulizwa zaidi nikienda kwenye makongamano.

Utarudi?

Nataka kurudi kufundisha. Nataka kozi ambamo kila mwanafunzi anazima kompyuta katikati ya kuandika na kujionea mwenyewe.

Shangazi yangu anauliza: picha zangu nizitunzeje?

Shikamoo shangazi. Weka nakala tatu: kwenye simu au kompyuta, kwenye diski ya pembeni, na moja mahali pengine kabisa, kwa ndugu wa mji mwingine au mtandaoni. Flashi usiichomoe kabla hujabonyeza kitufe cha kuiondoa, hapo ndipo kompyuta inamwaga ilichokuwa imeshikilia. Na flashi au SSD usiifungie kabatini miaka na miaka ukiitegemea yenyewe tu, kwa sababu chaji inayobeba data huvuja polepole. Mara moja kwa mwaka ichomeke, zifungue picha, uhakikishe zinaonekana.

Yule mhasibu, daftari lake lilipatikana?

Kwenye diski, hapana. Nilijaribu kila zana niliyoijua. Lakini alikuwa na tabia ya kuchoma kila stakabadhi kwenye msumari mrefu uliosimama mezani, ya leo juu ya ya jana. Tuliuchomoa ule mrundo, tukaugeuza ili ya zamani iwe juu, tukaanza. Yeye alisoma jina na kiasi kwa sauti, mimi nikaandika. Tulimaliza usiku wa pili, kama saa nne. Alipofika stakabadhi ya mwisho alijumlisha kwa kikokotoo, akalinganisha na fedha zilizoko kwenye sanduku, akazirudia tena mara ya pili, kisha akaniambia niihifadhi, na akasimama pale pale mpaka nilipozima kompyuta, nikaiwasha, na kumfungulia faili alione.